Floraidi ya Utah: nani aamue maji ya wote?

Tangu Mei 7, 2025, ni marufuku kutia floraidi, madini ya kuzuia meno kuoza, kwenye maji ya bomba katika jimbo la Utah, Marekani. Ndilo jimbo la kwanza kupiga marufuku hiyo, na Florida ikafuata Julai mosi. Gavana Spencer Cox alitia saini ingawa madaktari wa meno, kupitia chama chao cha jimbo na kile cha taifa, waliupinga mswada huo.

Msomaji wa Arusha au Nakuru huenda akashangaa. Huku Bonde la Ufa floraidi hutoka yenyewe kwenye miamba ya volkano, meno ya watoto yakawa ya kahawia na mifupa ya wengine ikapinda. Pale Ngurdoto wataalamu wamehangaika miaka mingi kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kumbe wapo wanaoinunua na kuitia! Siri ni kiasi. Marekani inapendekeza miligramu 0.7 kwa lita moja, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa 1.5, na Tanzania kwa muda mrefu ilivumilia hadi 4.

Hoja za wapinzani wa floraidi si porojo zote. Agosti 2024, Mpango wa Taifa wa Utafiti wa Sumu wa Marekani ulitoa ripoti ikisema, kwa uhakika wa wastani, kwamba floraidi inayozidi miligramu 1.5 inahusiana na kushuka kwa uwezo wa akili wa watoto. Kuhusu 0.7 ripoti haikuwa na ushahidi wa kutosha kuamua. Miezi miwili baadaye, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za afya, yalionyesha kuwa faida ya maji yaliyotiwa floraidi imepungua kuliko zamani, kwa sababu dawa ya meno yenye floraidi sasa iko karibu kila nyumba. Na katika mji wa Sandy, humo humo Utah, mwaka 2019 pampu iliharibika, floraidi ikamiminika kupita kiasi na watu wakaugua.

Hapa ndipo naona vyama vya afya vilijikwaa. Kurudia kwamba utaratibu huu ni salama tangu mji wa Grand Rapids, Michigan, ulipouanza mwaka 1945 hakumjibu mama aliyesoma ripoti ya 2024. Angeambiwa waziwazi kwamba faida imepungua lakini ipo, na kwamba ukomo wa hatari ni zaidi ya mara mbili ya kinachotiwa, huenda angesikiliza. Mtaalamu anayekiri udhaifu wa hoja yake huaminiwa zaidi, ingawa mawakili wa vyama hawalipendi somo hilo.

Kwenye meno yenyewe, hata hivyo, vyama vina hoja nzito. Calgary, Kanada, iliacha floraidi mwaka 2011. Watafiti walipolinganisha watoto wa darasa la pili miaka kama saba baadaye, takriban asilimia 65 wa Calgary walikuwa na meno yaliyooza, dhidi ya 55 wa Edmonton, mji wa Kanada ulioendelea nayo. Calgary imeirudisha mwaka 2025. Anayeumia kwanza ni mtoto ambaye kwao kumwona daktari wa meno ni anasa, maana maji ya bomba humfikia bila miadi wala bima.

Watunga sheria wa Utah walilijua hilo, wakaruhusu wafamasia kuandika vidonge vya floraidi kwa anayetaka. Wino haujakauka, Mei hiyo hiyo mamlaka ya shirikisho ya chakula na dawa ikatangaza inaanza hatua za kuviondoa sokoni vidonge vya floraidi vya watoto. Mlango wa pembeni nao ukaanza kufungwa.

Cox alijitetea kwamba serikali haipaswi kuwanywesha watu dawa wasiyoichagua. Ni hoja ya heshima, na mimi ningeikubali kama si jambo moja: mwaka 2000 wapiga kura wa kaunti za Salt Lake na Davis waliulizwa, wakaichagua floraidi kwa kura zao. Sheria mpya haikuwarudishia swali hilo ili walijibu upya. Imewaondolea haki ya kuulizwa, pamoja na mji mwingine wowote wa Utah utakaoitaka kesho.