Kupiga Kalenda: Eda Ilituokoa, Miaka Tisa Ikatuumiza

Baba alifariki Machi 2011. Wiki mbili baada ya maziko alikuja mtu nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Tanga, akiwa na pesa taslimu mkononi. Alitaka kiwanja cha ubavuni mwa nyumba, kile chenye miembe miwili. Kaka yetu mkubwa alikuwa na madeni ya msiba juu ya madeni yake mwenyewe, na moyoni alishakubali. Sisi wadogo tulikuwa tumechoka, na aliyechoshwa na msiba husaini chochote ili aachwe alale. Mama ndiye aliyejibu, akiwa ndani, nyuma ya pazia: "Mwanangu, mimi niko eda. Mambo ya kiwanja tutayazungumza nikitoka."

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mama alipotoka, kaka alikuwa ameshapata njia nyingine ya kulipa madeni, na habari ya kuuza hakutaka hata kuisikia. Mnunuzi hakurudi. Leo dada yangu ana nyumba yake pale, na mwembe mmoja tumeuacha.

Ninapowasikia watu wakiwasema vibaya wanaoahirisha mambo, wakiwaita wavivu na wazembe, huwa nakumbuka lile pazia. Kuna kuahirisha kulikoiokoa familia yangu. Lakini familia hiyohiyo, juu ya mali hiyohiyo, iliahirisha jambo jingine na mpaka leo tunalilipia.

Jambo lenyewe ni mirathi. Siku ya arobaini, baada ya hitima, wazee walisema tufungue mirathi mapema. Tukaitika. Kisha tukasema tusubiri mama atoke eda. Mama akatoka, na Ramadhani ikawa mlangoni. Baada ya Idi kaka akapata safari. Alivyorudi, dada akawa anaolewa, na nani ataleta mazungumzo ya mali kwenye shughuli ya harusi? Mpaka hapo kila sababu ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikuwa na mwisho wake. Baada ya harusi ndipo likaingia neno "tutaangalia". Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu miaka tisa.

Katika miaka hiyo hakuna aliyelala. Tulifanya kazi, tulisomesha watoto, tuliezeka upya paa la mama. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ulikuwa uvivu. Ulikuwa woga. Kufungua jalada la mirathi kulimaanisha kuandika jina la baba kwenye fomu ya marehemu na kutia saini. Kulimaanisha pia kukaa na kaka na kumuuliza ile kodi ya chumba cha mbele inakwenda wapi. Kila tulipolisogeza mbele jambo hilo tulipata nafuu, na nafuu ile ilikuwa ya kweli. Tulikula Idi pamoja tukicheka.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dianne Tice na Roy Baumeister, walichapisha mwaka 1997 utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwanzoni mwa muhula, wale wenye tabia ya kuahirisha walikuwa na msongo mdogo na walilalamika maradhi kidogo kuliko wenzao. Mwishoni mwa muhula mambo yakageuka: wakawa na msongo zaidi, wakaugua zaidi, na alama zao zikawa chini. Niliposoma hayo nilituona sisi. Zile Idi za kucheka tulizikopa.

Deni lilianza kudaiwa kwenye mpaka. Jirani wa nyuma alijenga ukuta, na ukuta ukaingia kwetu. Wazee wawili waliokuwepo baba alipopimiwa eneo walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Wa tatu yu hai, Mungu ampe afya, ila kumbukumbu zimemtoka. Tulipokwenda kumuuliza alitukaribisha kahawa na kuniita kwa jina la baba. Nilitoka pale machozi yananilenga. Kwenye sanduku la mama, barua ya kiwanja ina jina la babu limeandikwa kwa "i" na cheti cha kifo kimeandikwa kwa "y", jambo ambalo mwaka 2011 baba mdogo angelimaliza kwa kiapo cha asubuhi moja, maana ndiye aliyekuwa na vyeti vya zamani. Baba mdogo naye hayupo.

Halafu kuna sheria, na hili naomba kila mwenye mali ya marehemu ambayo haijagawanywa alisikie. Kwa Tanzania, muda wa kwenda mahakamani kudai ardhi ni miaka 12. Kama marehemu alikuwa anaishikilia ardhi hiyo mpaka siku alipofariki, miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo aliyofariki. Haisubiri wanandugu wapatane. Sisi tulipolijua hilo miaka tisa ilikuwa imeshakwenda.

Hapa nakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31, kisha ukasogezwa kwa siku 20, hadi Januari 20, 2020. Foleni za namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, zilikuwa ndefu. Wengi hawakuwa wazembe, walikuwa wanasubiri namba yenyewe itoke. Mimi nilikuwa na namba tangu Agosti na bado nilikwenda kusajili wiki ya mwisho. Lakini nilikwenda, kwa kuwa tarehe ilitangazwa redioni, msikitini na kwenye daladala. Ile miaka 12 ya ardhi haitangazwi popote. Inapita kimyakimya kama maji chini ya msingi.

Ndipo nikaanza kuona tofauti niliyokuwa naitafuta. Wazee wetu hawakuwa watu wa pupa, na hawakuwa watu wa kupiga kalenda. Maiti haichelewi, inazikwa. Matanga yana siku zake, arobaini ni arobaini, na eda hujulikana hata saa yake ya kwisha. Kila subira waliyotuwekea ina mwisho wake, na mwisho huo unajulikana na mtaa mzima. Mama alipomwambia yule mnunuzi asubiri, hakuwa anamkwepa. Alimpa tarehe, na tarehe hiyo haikuwa mikononi mwake kuigeuza. Sisi tulichukua subira yao tukakata ule mwisho. Wanaosema "kawia ufike" wamesema kweli, lakini sisi hatukuwa njiani kwenda popote.

Faida za kuahirisha ninazozijua zote zinatoka upande ule wa mama. Hasira hupoa. Bei ya mtu mwenye haraka hujulikana. Aliyetaka kuuza Machi huenda asitake Julai, na yule wa Julai ndiye ninayemwamini zaidi. Nimewahi kumwandikia kaka ujumbe mrefu usiku wa manane, nikajiambia nitautuma baada ya swala ya alfajiri. Alfajiri nikaufuta. Ningeutuma usiku ule, tusingekuwa tunazungumza leo.

Aliyetutoa kwenye "tutaangalia" ni shangazi. Alikuja mwaka 2020 na daftari la shule, akakaa mkekani, akasema, "Jumatatu nakwenda mahakama ya mwanzo. Atakayekuja aje, asiyekuja nitamwandika kwamba hakuja." Jioni ile tuliandika muhtasari wa kikao cha familia na tukampendekeza kaka awe msimamizi wa mirathi. Tuligombana, ndiyo, na suala la kodi ya chumba cha mbele lilitoka. Kaka alieleza, alilia, akaomba radhi, nasi tukamwomba radhi kwa miaka yote tuliyomdhania mabaya bila kumuuliza. Ule ugomvi tulioukimbia miaka tisa ulianza baada ya magharibi, na isha ilipoadhiniwa tulisimama pamoja kuswali.

Ukuta wa jirani haukurudi. Bila mashahidi hatukuwa na la kusimamia, tukaziacha hatua mbili za ardhi ya baba. Mama hupita pale kila jioni akienda kulisha kuku, na hasemi kitu.

Limebaki shamba la minazi la babu. Mwezi uliopita shangazi aliomba tusiligawe kwanza: anataka mavuno haya yalipe matibabu ya macho yake, na anataka watoto wa baba mdogo walioko Muscat wawepo. Hakuna aliyepinga. Kaka alichukua daftari lilelile la shule, akaandika Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, saa nne asubuhi, shambani. Akatusomea. Shangazi akaomba kalamu, na kwa kuwa macho hayaoni vizuri, nilimshika mkono mpaka kwenye mstari akatia saini.