Kurefusha ndoano ya trela: unene wa chuma haujibu swali

Pale Malaba, dereva nati ya gurudumu ikimgomea hutia bomba kwenye mpini wa spana, akasukuma tena, ikalegea. Nguvu za mkono ni zilezile, kilichoongezeka ni urefu. Ajabu ni kwamba dereva huyohuyo akifungiwa kipande cha kurefushia ndoano ya trela, somo la spana analisahau.

Ubishi wenyewe ni huu. Mafundi wanasema chuma kikiwa kinene, gari litavuta kama kawaida. Wengine wanasema ukirefusha ndoano, punguza mzigo, na watengenezaji wengi wa vipande hivyo huagiza upunguzwe hadi nusu. Hawa wa pili huitwa waoga, kana kwamba kampuni zinajikinga tu na kesi.

Mafundi wana haki yao. Pikapu nyingi zimeongezewa bodi nyuma zibebe matoke au magunia ya mahindi, na trela ikikata kona inaligonga bodi. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, anayechomelea sentimita 60 za bomba anaondoa shida ya kweli. Kwa trela ndogo tupu, mwendo wa polepole, sina ugomvi naye.

Lakini tupige hesabu. Chukua trela ya kilo 1,500, tangi la maji la lita 1,000 pamoja na chuma chake. Sehemu ya kumi ya uzito huo, kilo 150, hukaa juu ya ndoano. Ikiwa ndoano iko sentimita 20 kutoka kwenye mdomo wa chuma kilichofungwa kwenye chesi, ukaongeza 60, sasa iko 80. Kilo hazikubadilika, ila nguvu ya kukunja pale mdomoni imekuwa mara nne. Mara nne, na gari bado limesimama! Kila tuta na kila shimo huishindilia zaidi. Fundi aliongeza unene kwenye bomba lake, lakini boliti na chesi zinazolishika ni zilezile zilizotoka kiwandani.

Kisha kuna magurudumu ya mbele, yanayosahaulika kabisa. Gari lenye mita 3 kati ya ekseli zake, ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, zile kilo 150 hupunguza kilo 60 mbele. Sogeza ndoano hadi mita 1.8, zinakuwa 90. Kwenye moramu iliyonyeshewa, hapo ndipo usukani unapokuwa mwepesi na breki za mbele zinakosa mshiko. Trela nayo ikiyumba, ndoano ile iliyorefushwa inaisaidia kuutupa mkia wa gari pembeni. Hayo hayatibiwi na unene wowote wa chuma.

Wapo wanaojaribu kuokoa mambo kwa kurudisha mzigo nyuma ya trela ili ndoano ipumue. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa trela isiyolalia ndoano vya kutosha ndiyo huanza kucheza barabarani.

Kama bodi lazima libaki refu, mwambie fundi arefushe mkono wa trela yenyewe, ule unaotoka trela hadi kwenye ndoano, kwa bomba imara. Nafasi ya kona inapatikana, ndoano inabaki karibu na ekseli ya gari, na uzito unaoilalia unapungua kidogo.