Jini wa Tokeni

Haya, mshaiona klipu yangu ya usiku ule ngazini, mshacheka, na wengine mshanitumia meseji za "pole maruhani". Sahibu yangu fundi simu wa Kibokoni, hapa Mombasa, ndiye aliyeitia katika kila grupu ya mji huu, na kwa mapokezi yake mimi nilipandisha mashetani nikawakimbiza watu mpaka Makadara. Uwongo mtupu. Mimi sikubanduka pale ngazini. Waliokimbia ni wao, na yeye ndiye aliyetangulia. Basi sikizeni kwa mwenyewe, kabla watu wa Lamu hawajaniongeza pembe na mkia.

Mwaijua kazi yangu ya kurekodi wazee. Safari hii zamu ilikuwa ya ami, aliyekuwa mtu wa taa na kamera Sauti ya Kenya, lile shirika la redio na televisheni, siku za nyeusi na nyeupe. Ami ukimpa kahawa amekupa televisheni. Huanza 1962, picha zilipoanza kurushwa kutoka Limuru na sisi huku Pwani twazisikia kwa jina tu. Hupita 1964, serikali ilipolichukua shirika. Akifika 1970, Mombasa ilipopata kituo chake, hunyanyuka kitini, na shangazi humvuta kanzu akae.

Usiku ule alikuwa amechangamka. Darini kumejaa majirani na wajukuu, feni yazunguka, mimi na kamera yangu. Akatueleza joto la taa za studio, mtangazaji asoma habari huku jasho lamwingia machoni na hawezi kulifuta kwa sababu yuko hewani. Shati jeupe lilipigwa marufuku, lilikuwa likimetameta mpaka uso wa mtu unageuka kiza, kwa hivyo watu wakivaa buluu au kijivu, na nyinyi mkiangalia nyumbani mwaliona jeupe. Filamu za habari zilikuwa za milimita 16, lazima zioshwe kwa dawa kwanza. Tukio la asubuhi laweza kulala bila kuonekana. Na zile tepu za inchi mbili, kubwa na ghali, zikirekodiwa juu yake tena na tena.

"Nusu ya ujana wangu," akasema ami, "ilifutwa na taarabu. Halafu taarabu ikafutwa na kandanda."

(Hii niliipata kwenye kamera, alhamdulillahi. Nitaitia, ngojeni.)

Balaa lililetwa na London. Ami alipelekwa kule mafunzoni akawakuta watu wazima waliokuwako tangu enzi za Alexandra Palace, BBC walipoanza kurusha picha hapo Novemba 1936. Hao ndio waliomsimulia habari za Baird, mmoja wa waliobuni televisheni. Mwaka 1925 Baird alikuwa akijaribu mashine yake kwa kichwa cha mwanasesere, Stooky Bill, maana taa zile hakuna binadamu angezistahamili. Ilipofanya kazi akateremka chini mbio, akamkamata kijana wa ofisini, William Taynton, akamkalisha mbele ya taa. Kijana joto likamshinda, akajitoa. Baird akampa nusu kraun, shilingi mbili na peni sita, arudi kukaa. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuonekana kwenye televisheni: kahongwa.

Na baadaye, picha ikiwa bado ni ya mistari 30 tu, waimbaji na wachezaji walipakwa uso mweupe pepe na midomo ya buluu, kwa sababu midomo myekundu ilikuwa haionekani kabisa kwa mashine ile.

"Sasa," akasema ami, "nani atakuwa Taynton wetu?"

Mpwa wangu ni mpambaji wa mabibi harusi. Mkoba wake alikuwa nao. Wote wakanigeukia mimi. Nikaahidiwa sahani ya biriani. Taynton alilipwa papo hapo; mimi hiyo biriani sijainusa mpaka leo.

Akanipaka. Poda juu ya poda, zile za kuhimili harusi ya Mombasa mwezi wa Februari, haitoki kwa jasho wala kwa machozi. Midomo akaitia buluu ya macho iliyokorogwa na gundi ya kope. Nyusi, piko. Watoto wawili wakalia, watu wakacheka, ami akatikisa kichwa: "Naam! Hivyo hasa!"

Stima ikapotea.

Mita iko chini, mwisho wa ngazi, kwenye ule ukumbi ambao hata mchana ni usiku. Shangazi kanunua tokeni, zile nambari ishirini za kubonyeza kwenye mita ili stima irudi, kwa simu. Ikawa mimi niteremke, yeye atanitajia nambari kutoka juu. Nikashuka, nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kifuani mwanga uelekee juu ili mikono ipate nafasi.

Yaani mwanga watoka chini ya kidevu. Endeleeni kucheka.

Mlango wa nje ukafunguka. Bi jirani huyo, deli la kahawa mkono mmoja, sinia ya vikombe mkono wa pili. Nyuma yake fundi simu, aliyechelewa kama kawaida yake na hakuona nikipakwa, ajipiga video ya "tumefika".

Nikageuka kuwaamkia.

Bi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama, akanikazia macho, akaanza kusoma Ayatul Kursi, taratibu, kwa tajwidi. Mimi nifanye nini? Mtu yuwasoma, nikaona si adabu kumkatiza. Nikainamisha kichwa nikangoja mpaka akamaliza.

Hakuna jini lililowahi kungoja hivyo. Hilo ndilo lililommaliza. Sinia ikaanza kutetema, vikombe vyagongana.

"Wataka nini kwetu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Akilini mwangu mna mita tu. "Tokeni."

"Tutoke twende wapi?" Hofu ikaingia hasira. "Nyumba hii ni ya urithi!"

"Tokeni, Bi! Tokeni! Ishirini tu!"

"Ishirini? Sisi hapa hatufiki kumi na wawili!"

"Nambari ishirini," nikamwelewesha, nikipiga hatua mbele, buluu yote yameremeta, "mkinipa, mwangaza utarudi!"

Na shangazi kule juu, asiyejua lolote, akapaza sauti: "Nianze, mwanangu? Wako tayari?"

Kahawa ilinifika usoni. Yote. Na tangawizi yake.

Nikapiga ukelele ambao, naambiwa, ulisikika Ndia Kuu. Walio darini wakasikia "tokeni", wakasikia ukelele, wakatoka kweli, wengine kwa paa la jirani. Fundi simu alikuwa keshafika mbali. Itazameni ile klipu yake vizuri: uso wangu ni sekunde mbili, iliyobaki yote ni malapa yake yakipiga lami.

Yaliyofuata ni mafupi. Mafuta ya nazi, sabuni ya mche, mafuta ya nazi tena. Uso ulitoka, mdomo ukagoma, Ijumaa nikasali safu ya mwisho. Bi jirani kapelekewa vikombe vipya na halua, kasamehe, ingawa kila akipita chini ya mita husoma kitu.

Ami hakuteremka. Wakati mji wakimbia, yeye aliendelea kusimulia gizani peke yake, na kamera yangu, kwa vile ni ya betri, ikamchukua sauti yote. Jumapili twaendelea na mwaka 1970. Kanipigia simu jana kunikumbusha, na akasema nije na uso wangu.