Fuata Maji, Utaijua Nakuru

Nilipohamia Kiamunyi, hapa Nakuru, barabara yetu ilikuwa na nyumba nne, kwingine kote kulikuwa shamba la mahindi. Leo ukisimama langoni kwangu huoni hindi hata moja. Ni ploti za futi hamsini kwa mia, kuta za mawe, gorofa za kupangisha na vibao vya "ploti zinauzwa" hadi kule barabara inakopinda. Mimi pia nilinunua, nikajenga. Kwa hiyo ninaposema juu ya jiji hili kukua, nasema nikiwa ndani yake.

Msimu mmoja wa masika mvua kubwa ilinyesha usiku, kama saa moja hivi. Asubuhi mama wa ploti iliyo chini ya yangu akabisha lango. Hakuja kwa ugomvi. Alisema tu, "Jirani, njoo uone maji yako yalikolala." Nikamfuata. Jikoni kwake tope lilikuwa limefika juu ya meko. Gunia la unga lilikuwa limeloa, unga umeganda kama saruji, na watoto walikuwa wameinama wakipapasa matopeni kutafuta viatu vya shule. Nikainua macho kuelekea kwangu. Ua mzima nilikuwa nimeutandika kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, kuanzia langoni hadi mlango wa nyuma, maana nilichoka kukanyaga tope. Maji hayakupata pa kuzama. Tope nililolikimbia lilikuwa limehamia jikoni kwake.

Tangu siku ile, mtu akiniambia Nakuru inaendelea, namuuliza: maji yanatoka wapi, na yanaenda wapi?

Kuendelea inaendelea, hilo halina ubishi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao 47,000 katika mji huu. Ile ya 2019 ikapata zaidi ya 570,000. Tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hati ya jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na nilifurahi kama wengine. Vijana kutoka Molo, Kuresoi na Baringo wamepata kazi hapa ambazo wangezifuata Nairobi. Sitaki turudi nyuma.

Lakini tazama tulivyokaa. Juu yetu kuna mlima wa volkano wa Menengai, chini yetu kuna Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Likishapokea kitu, kimefika mwisho wa safari. Maji pekee ndiyo huondoka, yakipaa kama mvuke. Mchanga wa barabara zetu za vumbi, mifuko, mafuta ya gereji na majitaka yanayofurika kwenye mitaro, vyote vinabaki mle. Na hili ndilo ziwa ambalo mwaka 1990 lilikuwa la kwanza Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Tangu 2010 ziwa limekuwa likipanda. Lilikuwa na takriban kilomita za mraba 40, na katika muda wa miaka kama kumi likapita 60. Lango kuu la zamani la mbuga inayolizunguka lilimezwa. Migunga ilikufa ikiwa imesimama majini, na ukienda leo utaona vigogo vyake vyeupe. Upande wa Mwariki, mtaa ulio karibu na ziwa, watu waliacha nyumba walizojenga kwa jasho lao. Maji yalipozidi yalipunguza magadi, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na makundi makubwa ya ndege hao yakahamia Ziwa Bogoria. Wataalamu wanataja kwanza mvua nyingi, nami nakubaliana nao. Ila mvua inayonyesha juu ya msitu si sawa na inayonyesha juu ya kilima kilichokwanguliwa. Mto Njoro, unaoingia ziwani humo, unatoka Mau ya mashariki, ambako msitu umekatwa vipande kwa miongo. Wakati wa mvua unashuka mwekundu kwa udongo, na kiangazi kuna sehemu unavuka bila kulowesha kiatu.

Upande wa maji tunayokunywa, hali ni ya ajabu zaidi. Tunakaa karibu na ziwa linalofurika, na bado tunanunua maji ya boza, yanayoletwa na malori ya tangi. Visima vyetu vina floridi nyingi. Ndiyo maana wengi waliokulia hapa wana meno ya kahawia, mke wangu akiwa mmoja wao. Basi jiji linanyoosha mkono mbali: sehemu ya maji yetu inatoka mto Turasha, katika bonde linalolisha Ziwa Naivasha. Kisha ukaja mradi wa Bwawa la Itare kule Kuresoi. Ujenzi ulianza 2017, ukakwama 2018 mkandarasi wa Italia alipoishiwa fedha. Itare ni tawi la mto Sondu, unaokwenda Ziwa Victoria na kuzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu. Wakazi wa huko juu, na wale wa chini hadi Nyakach, walipouliza watabaki na nini, huku mjini tuliwaona kama wanaotuzuilia maendeleo. Nakumbuka nami nilisema hivyo. Sasa naona swali lao ndilo la yule mama wa ploti ya chini.

Kukua kwetu kunalipiwa na watu ambao hatuwaoni: aliye mtoni juu anapunguziwa maji, aliye ziwani chini anaongezewa. Na kaunti inapopitisha ramani ya nyumba inauliza vyumba vingapi, choo kiko wapi, gari litaegeshwa wapi. Mimi sikuulizwa mvua ya paa langu itaenda wapi. Liwe sharti: kila ploti ibaki na maji yake, kwa tangi la paa na kipande cha ardhi kisichozibwa. Na kabla bomba la Itare halijafika Nakuru, kijiji kilicho pale chanzoni kifunguliwe mfereji kwanza. Mtu wa Kuresoi hawezi kutazama bomba likipita shambani kwake huku bintiye akienda mtoni na jerikeni.

Kwangu nimeng'oa kabro nusu ya ua, nikapanda nyasi na kuchimba shimo la kokoto kando ya ukuta wa chini. Masika yaliyofuata jikoni kwa jirani hakukuingia maji. Alama ya tope bado iko, kidogo juu ya meko. Amekataa kuipaka rangi.

Sasa juu yangu kuna ploti mbili zinazojengwa, na juzi lori limeshusha kabro. Jumamosi nitabisha lango la mwenyewe, nimwombe twende pamoja kwa yule mama akaione.