Polianilini katika betri za maji: tatizo liko kwenye asidi

Wanaoitetea polianilini, plastiki inayopitisha umeme, kama elektrodi chanya ya betri ya zinki na maji wana hoja nzito. Haihitaji kobalti wala nikeli. Hutengenezwa kutokana na anilini, ambayo viwanda tayari huizalisha kwa wingi, na maji yaliyomo kwenye betri hayashiki moto. Kinadharia gramu moja inabeba miliampea-saa 294, wakati fosfeti ya chuma na lithiamu, inayotumika katika elektrodi chanya za betri nyingi za lithiamu, hufikia 170.

Lakini hiyo 294 isimezwe hivihivi. Inapatikana tu polima hii, yaani polianilini yenye molekuli ndefu kama minyororo, ikivuliwa elektroni hadi hatua ya mwisho, na ndani ya maji hatua hiyo ndiyo inayoiua: maji huishambulia minyororo yake, ikakatika na kutoa benzokwinoni, kemikali isiyo polima tena. Ukiishia nusu ya safari, ambapo polima bado ni imara, umebaki na 147.

Kinachonishughulisha zaidi ni asidi. Polianilini hupitisha umeme pale naitrojeni zake zinaposhika protoni, yaani ayoni za hidrojeni (chembe zenye chaji) zinazotoka kwenye asidi; pH, kipimo ambacho hupanda asidi ikipungua, ikipita 4 hivi, uwezo huo unaporomoka. Zinki, iliyo ndani ya betri hiyohiyo, huliwa na asidi na kutoa hidrojeni. Ukiipa polima inachotaka, unaiharibu zinki.

Wengi hukimbilia kuchanganya polima na grafini, yaani karatasi nyembamba mno za kaboni, au nyuzi za kaboni. Inasaidia: umeme unapata njia, na polima inayovimba na kusinyaa kila inapochajiwa inapata mhimili. Ila upungufu wa protoni unabaki palepale. Mimi naegemea njia ya kupachika vikundi vya sulfoniki, yaani vipande vya molekuli vyenye asidi, kwenye mnyororo wenyewe, ili polima ijibebee asidi yake. Gharama ipo: vikundi hivyo vina uzito usiohifadhi chaji, na vikizidi polima huanza kuyeyuka majini. Bado ni afadhali, kwa sababu inagusa chanzo.

Wenye shaka wana hoja moja ambayo sioni jibu lake katika matokeo mengi yanayosifiwa: elektrodi zilizopimwa ni nyembamba mno, miligramu moja au mbili za polima kwa sentimita ya mraba. Betri ya sokoni hubeba miligramu kumi na zaidi kwa sentimita ya mraba, na katika unene huo ayoni huchelewa kufika ndani na uvimbe hupasua tabaka. Kuhesabu maelfu ya mizunguko ya kuchaji haraka hakutoshi. Tuonyeshwe elektrodi nene, iliyochajiwa ikaachwa wiki nzima, na chaji iliyosalia.