Ubongo haukugawanywa ploti ploti

Majeruhi wa bodaboda akifikishwa kasualti hapa Kisumu huulizwa jina lake, huambiwa ainue mkono huu, kisha ule, halafu humulikwa machoni. Picha ya kichwa haijapigwa bado, lakini daktari ameanza kukisia jeraha liko wapi. Mkono wa kulia ukilegea, atashuku upande wa kushoto wa ubongo, kwa sababu neva zinazoendesha misuli huvuka upande zikishuka. Mboni ya jicho moja ikipanuka na isijali mwanga, hapo ni mbio: huenda ubongo unakandamizwa.

Kwa hiyo wanaosema kila eneo lina kazi yake hawabahatishi. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyeishi miaka mingi akitamka karibu silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Ushahidi mzito, huo.

Ila kazi ikikwama mahali palipoharibika, haina maana kwamba yote ilikuwa ikifanyika hapo. Ubongo ule umehifadhiwa, na uchunguzi wa MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani kwa sumaku, uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha uharibifu ulizama kuliko Broca alivyoona, ukagusa hata nyuzi zinazounganisha maeneo ya mbele na ya nyuma.

Jirani yetu mmoja mtaani Migosi, mzee aliyepatwa na kiharusi, hawezi kuitisha chai. Hulitafuta neno mpaka jasho limtoke, kisha huashiria kikombe. Jumapili wimbo wa Kijaluo ukianzishwa, anaimba ubeti mzima, maneno wazi kabisa. Wanawe walidhani anajifanya. Hali hii madaktari wanaijua: wimbo uliokaririwa tangu utotoni unaweza kupitia njia ambazo mazungumzo ya kawaida hayazitegemei sana.

Watoto ndio huwachanganya zaidi wapenda mipaka. Mtoto mdogo aliyeondolewa nusu ya ubongo kwa sababu ya kifafa sugu anaweza kujifunza kuzungumza kwa nusu iliyobaki. Hata hivyo, vidole vya mkono wa upande wa pili kwa kawaida hubaki dhaifu, kwa hiyo wanaodai eneo lolote laweza kurithi kazi yoyote nao wanatia chumvi.

Mimi naegemea hivi: kwenye kuona, kugusa na kusogeza viungo, ramani ya nani anafanya nini kwenye ubongo inaaminika sana. Kwenye lugha inaanza kufifia. Kwenye tabia na vipaji, anayekuuzia ramani anakuuzia hewa.

Na wauzaji wapo, hasa sasa wazazi wanapohangaika na mikondo ya Gredi ya 10: huyu ni wa "ubongo wa kulia", mpeleke sanaa, yule wa kushoto, sayansi. Dhana hiyo hujiegemeza kwa Roger Sperry, mtafiti wa pande mbili za ubongo aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Lakini wagonjwa aliowachunguza walikuwa wamekatwa mshipi wa neva unaounganisha pande mbili za ubongo, ili kutuliza kifafa. Mtoto wako mshipi wake uko mzima, na pande zote mbili zinafanya kazi anapochora na anapopiga hesabu. Akichora vizuri na kufeli hesabu, mimi kwanza ningeuliza nani amekuwa akimfundisha hesabu.