Kumbe ni zizi tu?

Mgeni anayepanda Hyrax Hill, kilomita chache kabla ya kuingia Nakuru ukitoka Nairobi, huwa anatafuta mafumbo. Yapo makaburi ya kale, vipo vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba, na yapo yale mabonde madogo ya mviringo yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa nyanda hizi. Halafu anaambiwa kwamba mashimo hayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Wengi hunywea hapo hapo. Hawakulipa kiingilio ili waonyeshwe zizi. Mazizi wanayo nyumbani.

Lawama kwamba watafiti huua utamu wa mambo ya kale ina uzito wake. Hakuna anayependa historia kwa sababu ya tarehe. Mtu hushangaa kwanza, ndipo akauliza. Wabukusu, Abagusii na Wakalenjin wana simulizi za wazee zinazotaja Misri kuwa chimbuko lao, na mtoto aliyelelewa na simulizi hizo huyatazama mapiramidi kwa jicho la mwenye mali. Mwanahistoria anayemkatiza kwa habari za vigae vya vyungu na asili ya lugha huonekana mkatili. Tena tusisahau kwamba hofu na miiko huweza kulinda mawe ya kale kuliko bango lolote la serikali.

Hata hivyo, wasioeleweka katika mjadala huu naona ni watafiti. Na tuanze na hilo hilo zizi.

Mashimo ya Wasirikwa yametapakaa kwenye nyanda za juu za magharibi, Uasin Gishu na Cherangani hadi huku Nakuru. Wazungu wa kwanza kuyaandika walidhani watu waliishi ndani yake. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938. Miongo kadhaa baadaye mwenzake wa fani hiyo, John Sutton, ambaye alikuwa amechimba mashimo ya aina hiyo kule Moiben, aliyachunguza upya ya kilima hiki. Jibu lilikuwa kwenye kitu kisicho na mvuto wowote: tuta la udongo lililo mbele ya mlango. Lilikuwa samadi na matope. Shimo lilichimbwa kwenye mteremko, mlango ukaelekezwa upande wa chini, na uchafu wa zizi ukawa unasukumwa nje mwaka hadi mwaka mpaka ukawa kilima. Nyumba ya mwenye ng'ombe ilijengwa ubavuni, na mlango wake ukafungukia zizini.

Hebu lifikirie hilo taratibu. Mwizi wa usiku hana njia ila lango moja, tena chini ya pua ya mwenye mali. Ardhi yenyewe ni ukuta. Mtu hawezi kuingia nyumbani mwao bila kupita katikati ya mifugo. Hii ni hesabu ya watu waliolala wakisikiliza, na wakazi wa bonde la Kerio wanaielewa hofu hiyo mpaka leo bila kueleweshwa na profesa.

Fumbo lilikuwa limetupa nini badala yake? Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyewafahamu sana Wanandi, alichapisha wazo la ustaarabu wa Azania: kwamba mashimo, kuta za mawe na mifereji ya kale ya Kenya ni kazi ya watu mahususi waliokwisha kupotea. Wazo tamu sana. Lakini ukisema wajenzi walitoweka wote, umeshasema kwamba uliowakuta hapo hawana urithi wao ndani ya yale mawe. Simtuhumu Huntingford kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba wazo hilo lilitua wakati nyanda hizo hizo zilikuwa mikononi mwa walowezi, na kwao lilikuwa na manufaa. Kule Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe katika nchi iliyoitwa Rhodesia enzi za walowezi, ilikuwa wazi zaidi. Wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walionyesha kuwa ni kazi ya Waafrika, na bado Rhodesia ya walowezi iliendelea kuwataja Wafoinike, mabaharia wa kale wa Mashariki ya Kati, na Malkia wa Sheba kuwa wajenzi. Fumbo likipendwa mno, huwa kuna mtu anayelitumia.

Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe katika kaunti ya Migori, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake, nyingine zikipita mita 4 kwenda juu, zinakisiwa kujengwa karne ya 16, bila saruji wala udongo wa kushikiza. Siri yake iko ndani ya ukuta: nyuso mbili za mawe yaliyopandanishwa, na katikati vijiwe vidogo vya kujaza. Milango ni mifupi, adui analazimika kuinama anapoingia, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba jamii zilipokezana mahali pale, Waluo wakiwemo, kila mmoja akikarabati kazi ya aliyemtangulia.

Hata Misri haikupungukiwa na kitu kwa kuelezwa. Mwaka 2013 kikosi cha mwanaakiolojia Pierre Tallet kilipata Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mafunjo (karatasi za kale za Misri) ya mtu aitwaye Merer, msimamizi wa wafanyakazi enzi za Farao Khufu, aliyeweka kumbukumbu za kusafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwenye piramidi. Kijana anayetumiwa kwenye WhatsApp video za viumbe wa sayari nyingine wakijenga mapiramidi, mimi ningemtumia Merer. Ni mtu mwenye jina, kikosi na ratiba.

Lawama moja nawaachia watafiti, na si ndogo. Mengi ya haya yamefungiwa kwenye majarida ya Kiingereza, na mgeni wa kilimani huishia kupewa jibu bila kupewa njia yake. Akiambiwa tu "ni zizi", ana haki ya kupiga miayo. Angepelekwa kwanza kwenye tuta la samadi, halafu aulizwe: ungekuwa wewe na ng'ombe wako, mlango ungeuweka upande gani?